Miti Tuliyoilipia

4 Oktoba 1993

Daftari hili ni la ofisi. Chef Édouard, mkubwa wangu wa kazi, alinipa mwezi wa tano, akasema niandike humo kila siku hali ya msitu, na mwisho wa mwezi nimpelekee asome. Sijamwona akisoma hata ukurasa mmoja. Basi kuanzia leo ninaandika ninavyotaka.

Mimi ni Benoît Mukalay. Ninalinda mikaratusi ya kilima cha barabara ya Koni, mistari sitini na miwili. Ilipandwa mwaka wa 1986. Mshahara ulikatika zamani. Mvua bado.

5 Oktoba

Hakuna mvua. Hakuna mtu.

9 Oktoba

Asubuhi nilisikia panga upande wa juu. Nilimkuta mwanamke wa miaka kama hamsini. Alikwisha kuangusha miti miwili na alikuwa anapunguza matawi bila haraka, kama mtu aliye kwake. Nilimwuliza nani amempa ruhusa. Hakuacha kukata.

—Weye njo Benoît? Weye njo ulikuwa unaandika majina ku barrière?

—Njo mimi.

—Basi unaniyua. Albertine, wa Kikula. Makala ya baiskeli.

Wa makala, wanaochoma makaa na kuyauza kwa baiskeli, niliwaandika wengi. Nilimnyang'anya panga. Alikaa chini juu ya gogo lake, akanitazama mpaka nikageuka. Zamani ningemfukuza kwa maneno makali. Leo nilibeba tu panga mpaka nyumbani, nikaiegemeza mlangoni.

10 Oktoba

Jumapili. Sikwenda misa.

12 Oktoba

Mama Albertine amerudi, na mkebe wa maziwa ya unga chini ya kwapa. Ndani yake mna reçu, risiti za kodi, zimefungwa kwa uzi wa mpira kumi kumi.

Afadhali nieleze, maana hata mimi ninaanza kusahau. Project ya miti ilipoanza, waliweka barrière, kizuizi cha mti, kwenye barabara hii. Kila baiskeli ya makala ilisimama, mwenyewe akalipa kodi kwa Chef Édouard, mimi nikaandika jina lake katika register na kumpa reçu. Kodi ilikuwa ya kupanda miti mahali pa ile iliyochomwa, ili udongo wa vilima usishuke mpaka mto Lufira na kujaza bwawa la umeme la Koni. Camion za wakubwa, yaani malori yao, hazikusimama. Dereva alipiga honi, tukainua mti wa barrière. Waliolipa ni wa baiskeli. Mwaka wa 1991, baada ya pillage, askari walipopora mji, watu wa project walipanda ndege na barrière ikaoza.

Mama Albertine alitoa karatasi moja, akaigeuza.

—Soma.

Nyuma kulikuwa na maandishi madogo, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Nilisoma: "Reçu moja, mti mmoja."

—Kifaransa minye siyue, akasema. Lakini Kiswahili nilisoma. Niko na reçu mia mbili na kumi na ine. Njo kusema niko na miti mia mbili na kumi na ine. Nilikata mbili. Unirudishie panga yangu.

Niligawa karatasi hizo miaka mitano. Sikugeuza hata moja.

Nilimrudishia panga.

13 Oktoba

Hakuja. Nilifikiri angekuja.

23 Oktoba

Mvua ya kwanza, fupi. Mjini wameleta pesa mpya, watu wamepanga mstari kuibadilisha. Chef Édouard alipita kuniletea mkate. Anasema huko Kasai wanaikataa pesa hii mpya, wanabaki na ya zamani. Aliposema "Kasai" alinitazama usoni, halafu akatazama mkate.

1 Novemba

Siku ya watakatifu wote. Nyumba ni kimya, basi niandike.

Claire, bibi niliyemwoa, alizaliwa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Mwaka jana hilo lilitosha mtu afukuzwe. Watu wa kwao walitolewa nyumbani mwao, wakakaa miezi mingi kwenye gare, kituo cha train, chini ya mashuka, wakingoja train. Claire hawakumgusa mara moja kwa sababu mimi bwana yake ni wa hapa. Mwezi wa nne mwaka huu wafukuzaji walikuja wakampa siku mbili aondoke. Aliondoka na mama yake na watoto wetu wawili, Sephora na Jeancy. Kwenye gare alishika mlango wa behewa akaniuliza, "Na weye?" Nilimwambia, miti imebakiza mwaka mmoja tu ipate kukomaa, nikiondoka wataimaliza.

Train ikaondoka. Chef Édouard ndiye aliyenishika mkono akanirudisha nyumbani. Kwa hiyo siwezi kumsahau.

Tangu siku ile sisikii kitu vizuri, si hasira wala furaha. Nikila, ninajua ni chumvi. Basi.

8 Novemba

Mvua mbili.

15 Novemba

Wamekuja wanne, wote na reçu. Mama Albertine amewaambia. Mmoja ni Rolly, alikuwa fundi kiwandani Shituru mpaka kazi iliposimama, na kabla ya hapo kila jumamosi alichoma makala na mjomba wake. Ni mtu wa makelele.

—Papa Benoît, nikuulize. Kodi ilikuwa ya nini? Ili makala ipande bei, bantu bapike na courant ya Koni, si ndiyo?

—Ndiyo walivyosema.

—Na courant iko wapi? Siku ine hatuna. Kazi haiko, courant haiko, tutapika na nini? Na mawe ya uranium ya Shinkolobwe?

Wengine walicheka. Nilimwambia kosa si la mti. Akajibu kwamba yeye hagombani na mti, mti ni wake.

Niliwaambia miti bado myembamba, wangoje mpaka mvua ipungue. Ukikata mkaratusi vizuri na kwa wakati wake, kisiki kinachipua, na baada ya miaka saba unakata tena. Ukiukata ovyo, umekata mara moja tu. Walisikiliza. Sijui kama ni kwa sababu waliamini au kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hawakuwa na pa kwenda.

16 Novemba

Mvua kutwa.

17 Novemba

Mvua.

2 Desemba

Mama Albertine amekuja na unga kidogo na matembele, akapika kwangu bila kuomba. Ameona chungu changu, akauliza siku ngapi sijakiosha. Sikujua. Alisema bwana yake alipokufa naye alikaa hivyo miezi tisa, mpaka siku moja alikasirika kwa sababu ya kuku wa jirani, ndipo akajua yu hai.

—Weye hauna hata jirani mwenye kuku, akasema.

14 Desemba

Barua. Mtu wa train aliileta, imekunjwa ndogo kama kidonge. Mwandiko wa Claire.

"Sephora alikuwa na malaria, amepona. Jeancy ameota jino la mbele. Tuko sita katika chumba kimoja kwa baba mdogo. Wanatucheka namna tunavyosema. Miti imekua?"

Nimeisoma hiyo ya mwisho mara nyingi. Sijui kama anauliza au anatukana. Sikujibu.

25 Desemba

Chef Édouard aliniita kwake. Tulikula wali. Binti yake Marlène amelala chumbani, mgongo unamuuma, wanasema lazima apasuliwe. Chef amekonda. Nilimweleza habari ya reçu na maandishi ya nyuma. Alicheka kidogo.

—Écoute, sikia Benoît, ile ilikuwa maneno ya affiche, ya kubandika ukutani. Hakuna sheria inayosema vile.

—Lakini tuliwapa.

—Tuliwapa, oui.

Halafu akaniuliza kama register bado ninayo. Nilisema iko nyumbani, chini ya kitanda. Akasema vizuri. Nilifikiri amefurahi.

3 Januari 1994

Udongo umeshuka kutoka kilima cha jirani, ambako hakuna miti tena. Barabara imefunikwa matope mekundu. Upande wetu haukushuka.

11 Januari

Mvua.

19 Januari

Mvua. Mti mmoja umeanguka, mstari wa arobaini. Niliwapa wa makala wagawane.

27 Januari

Chef alikuja na bwana mwenye koti la ngozi, ambaye mjini wanamwita Patron, yaani tajiri. Walitembea kati ya mistari. Patron alikuwa anapiga miti kofi, kama mtu anayenunua ng'ombe. Hawakuniambia kitu. Mama Albertine aliwaona akiwa barabarani, akasimamisha baiskeli, akatazama mpaka walipoondoka.

—Ule ananunua, akasema.

—Hapana. Chef angeniambia.

—Papa Benoît, weye uko mwema sana ao umelala?

17 Februari

Ninaandika asubuhi ya kumi na nane, lakini habari ni za jana, na nitaandika zote.

Saa mbili camion ilipanda, na watu sita wenye mashine za kukatia, na askari wawili. Patron alikaa mbele. Chef Édouard alishuka nyuma kabisa. Alikuwa na karatasi yenye mhuri inayosema miti imekomaa na imeuzwa.

Lakini wa makala walikuwa wamefika kabla yao, zaidi ya arobaini. Mama Albertine alikuwa amesikia siku ya camion, akapita nyumba kwa nyumba huko Kikula tangu jumapili. Hawakuwa na panga wala fimbo. Kila mmoja alikaa chini ya mti, mgongo kwenye shina, na reçu mkononi. Wanawake wengine walikuwa na watoto mgongoni. Wenye mashine walisimama, hawakujua waanzie wapi, maana kila mti uliokuwa karibu ulikuwa na mtu.

Askari mmoja alipiga kelele waondoke. Mama Albertine alimjibu akiwa amekaa.

—Mutoto yangu, minye nililipa hii miti kabla weye hauyapata uniforme. Soma hapa.

Askari alisoma. Alimpa mwenzake naye asome.

Patron alisema karatasi hizo ni takataka, mtu yeyote anaweza kuziokota. Akauliza, kama watu hawa walilipa kweli, kitabu chenye majina yao kiko wapi? Alisema hivyo kwa sauti, kisha akamtazama Chef, na Chef akanijia. Alinishika mkono, tukaenda kando.

—Benoît. Sema imepotea. Pillage iliichukua. Nani atabisha?

Hakuuachilia mkono wangu.

—Marlène atapasuliwa mwezi huu ao hatatembea tena. Sikukuficha kwa ubaya. Na weye nimekufikiria. Patron ana watu ku train. Atakupa nafasi mpaka Mwene-Ditu, juma hili. Utakuwa kwa batoto bako. Unataka nini tena hapa? Miti?

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepasuka upande, na amevitia wino mweusi ili isionekane. Sikumchukia. Ningependa kuandika kwamba nilipigana na moyo wangu, lakini haikuwa hivyo. Niligeuka, nikatembea mpaka nyumbani, mwendo wa robo saa. Nikapiga magoti, nikavuta register chini ya kitanda. Njiani nilifikiri jambo moja tu: nimemwambia Claire kwamba ninabaki kwa sababu ya miti. Nikisema register imepotea, basi nilibaki bure.

Niliporudi mawingu yalikuwa yamefunga. Nilisimama mbele ya camion nikaanza kusoma, tangu ukurasa wa kwanza. Jina, tarehe, magunia. Aliyekuwapo aliitika "Niko" na kuinua reçu. Patron alitazama saa, halafu mbingu. Dereva wake alimwambia wasiposhuka kabla ya mvua, camion italala hapo mpaka mwezi wa tano.

Ndipo walipopatana, Patron na Chef na Mama Albertine, wakiwa wamesimama matopeni. Mimi sikuulizwa. Mistari thelathini ya chini, iliyo karibu na barabara, Patron ataichukua. Thelathini na miwili ya juu inabaki kwa wenye reçu, na Chef akaandika hivyo nyuma ya karatasi ile yenye mhuri.

Rolly alisema tumeibiwa nusu. Mama Albertine alimwambia, asubuhi ilikuwa yote.

19 Februari

Mashine zimelia siku mbili. Sasa ninaona barabara nikiwa mlangoni kwangu. Sikuwahi kuiona kutoka hapa.

21 Februari

Chef hakuja. Wamesema Marlène amepelekwa Lubumbashi.

6 Machi

Tumegawana. Reçu ni nyingi kuliko miti, basi reçu mbili mti mmoja, na walioleta chache tukawaongezea kidogo. Nilisoma register, Rolly alitia alama kwa chokaa.

Majina mengi yalikosa mtu wa kuitika. Mwanzo nilisoma kila moja na kungoja. Baadaye Rolly alisema, "Aba balienda. Pita." Walikuwa wa Kasai, zaidi ya mia moja. Walilipa kama wengine. Mama Albertine alisema miti yao iachwe. Watu walinung'unika, wakahesabu watoto wao mbele yake, na mwishoni miti ile ikagawanywa. Mimi ndiye niliyeshika kitabu, na sikusema neno. Niliendelea kusoma majina yao, na baada ya kila jina tulipita.

Kisha nikafika kwa Claire. Kabla hatujaoana aliuza makala, na ni kwenye barrière nilipomwona. Reçu sitini na mbili. Rolly mwenyewe alisema, "Ya bibi ya Papa Benoît tunaacha." Akatia alama miti thelathini na mmoja, akanipa chokaa.

Niliipokea. Wale mia moja hawakuwa na bwana aliyesimama pale na kitabu. Hilo pia ninaliandika.

9 Machi

Mvua inapungua. Nimewaonyesha namna ya kukata: chini, kwa mshazari, maji yasikae juu ya kisiki. Yakitoka machipukizi, uache mawili au matatu yenye nguvu.

15 Machi

Nimekata miti ya Claire. Mama Albertine alinifundisha kupanga magogo, kufunika kwa majani na udongo, na kusoma moshi. Ukiwa mweupe ni maji, ngoja. Ukiwa wa buluu, funga matundu. Miaka yote niliandika makala ya watu na sikujua kuichoma.

—Utafanya nini na pesa yake? akauliza.

—Pesa hii kule haitumiki.

—Basi nunua bintu. Chumvi. Samaki wa Lufira, wakavu. Upeleke.

—Nitampa mtu wa train.

—Mutu wa train atakula samaki, papa. Peleka weye mwenyewe.

Nilisema miti inahitaji mlinzi. Alinicheka, mara ya kwanza. Alisema visiki viko na wenyewe arobaini, sasa nani mwizi atathubutu? Nilikasirika. Nilimwambia aniachie makala yangu, nitajua mwenyewe. Aliondoka akisukuma baiskeli. Alipofika barabarani ndipo nilipokumbuka habari ya kuku wa jirani yake.

23 Machi

Magunia kumi na moja.

30 Machi

Visiki vya kwanza vimechipua. Rolly amevizungushia vyake miiba.

5 Aprili

Nilikwenda kwa Chef Édouard kumpa register. Alikuwa amekaa peke yake nje. Marlène amepasuliwa, wanangoja waone. Alisema register nimpe Mama Albertine, yeye hawezi kuishika. Tulikaa. Aliuliza kama nimemchukia. Nilimwambia alipoleta ule mkate wa mwezi wa kumi nilikuwa sijala siku mbili. Aliweka kofia usoni.

12 Aprili

Chumvi, magunia mawili. Samaki, gunia moja. Kitenge. Viatu vya Sephora na Jeancy, nimevinunua vikubwa, sijui miguu yao imefika wapi.

20 Aprili, gare

Ninaandika nikiwa juu ya mizigo, katika behewa la bidhaa. Tuko humu tangu jumapili, na leo ni jumatano. Kila siku wanasema train itaondoka. Mama Albertine alileta ugali jana na juzi. Leo hakuja, ana tanuru linawaka.

Mwanamke aliye karibu nami anakwenda Kamina na ndoo za plastiki. Aliniuliza:

—Papa, unaenda wapi?

—Mwene-Ditu. Kwa bibi yangu na batoto.

—Banajua unakuja?

—Hapana.

—Bantu ya kule hapana kupenda bantu ya huku, siku hizi.

—Ninajua.

—Na bibi yako akikufukuza?

Nilimwambia nitaacha chumvi mlangoni na kungoja. Alifikiri kidogo, kisha akavuta ndoo zake ili nipate kunyoosha miguu.

Saa tisa mchana behewa limeshtuka, likasimama. Likashtuka tena, likaanza kwenda, polepole, mpaka tukapita mwisho wa gare. Watu walipiga makofi. Nilisikia makofi ya karibu kuliko mengine, nikatazama, yalikuwa ni yangu.